Cheti

Kyabu alikileta kimeviringishwa gazetini,
kama mtu aliyebeba samaki na hataki majirani wanuse.
"Papa fundi, tazama. Iko ya mchezo kweli, ao ya duka tu?
Kuko muzungu kule Golf, anakusanyaka hizi.
Analipa dola. Lakini anataka karatasi."

Mimi natengeneza vitanda, majeneza, mabenchi ya kanisa,
mlango wa tatu baada ya mashine ya kusaga, Katuba.
Besiboli sijaiona ikichezwa hata siku moja.
Ila mti naujua.

Nikakipeleka dirishani.
Si mulombwa, si mkaratusi.
Mweupe uliozeeka ukawa rangi ya chai,
pete zake zimebanana: mti wa nchi ya baridi,
uliokua bila haraka.
Nikagonga kwa kifundo cha kidole, kutoka shingoni kushuka.
Uliitika, uliitika, kisha
shubiri moja kabla ya kichwa ukawa bubu.

Hapo nikapitisha ukucha. Vishimo.
Nikaazima lenzi ya fundi saa wa jirani
nikaona alama za mshono,
kama nyayo za kuku kwenye tope lililokauka,
zote upande mmoja, pale nyuzi za mti zilipo ngumu.
Mwenye kughushi hupiga popote.
Huyu alijua upande wa kupigia.
Kwenye kitako, namba ya wino, saba au moja,
kiganja kimeifuta nusu.
Shingoni, lami. Niliipumulia ikanuka utomvu.

"Basi andika," Kyabu akasema.

Ngoja.
Maana kule mwisho kabisa, pasipofikiwa na mpira,
kichwa kilikuwa kimelika mviringo,
laini kama kisigino cha mtoto,
na ukijani umezama ndani ya mti.
Nikalamba.
Chumvi. Uchungu kidogo wa majani.
Sombe.

"Umekitoa wapi?"
Akatazama viatu vyake.
"Kwa Mama Numbi. Baba yake alipikia mwalimu wa misheni.
Wakati wa fujo wazungu walikimbia,
wakaacha vitanda, vitabu, na hiki.
Papa, piga msasa kidogo pale. Hatajua."

Niliushika msasa. Sitadanganya, niliushika.
Ada ya Kapya ilikuwa na deni la miezi miwili.
Nikajaribu kuhesabu: mipira mingapi?
Mia mbili, mia tatu, jioni chache
katika uwanja wa watu nisiowajua.
Na sombe?
Miaka arobaini. Watoto tisa. Matanga.
Na mwaka ule mishahara ya kampuni haikufika,
sombe bila mafuta, bila samaki,
na bukari ya kugawana kwa kidole.

Nikaurudisha msasa kwenye msumari wake
nikaandika, kwa Kiswahili, atafute mwenyewe wa kumsomea:

Mimi Mwepu, seremala, nashuhudia mti huu umetumika.
Mipira: ndiyo. Aliyepiga: simjui.
Majani ya muhogo: ndiyo. Aliyetwanga: Numbi binti Kabamba,
kwa mikono yote miwili.

Kyabu alisoma mara mbili, akaondoka akinung'unika.
Mimi nikamchongea mama mchi mpya wa mulombwa,
bure, kwa sababu ya aibu ya ule msasa.

Siku ya nne Kyabu yuko mlangoni, jasho linamtoka, kirungu kwapani.
"Muzungu amecheka. Halafu amenyamaza, wee, muda murefu.
Anakubali bei. Lakini anauliza
kama mama anaweza kuweka jina lake juu ya mti,
kwa mkono wake mwenyewe."

Tukaenda. Mama Numbi alikuwa uani,
kinu kati ya miguu, vidole kijani.
Aliitazama kalamu tuliyomnyoshea,
akautazama mchi wangu, ule mpya, umelala vumbini.
"Huu wako unarukaruka kama mbuzi," akaniambia.
"Jina nitaandika. Kesho.
Leo niko na wageni. Leta hicho."